Nyota Nne za Bi Riziki

Wanangu, watu wanadhani nimestaafu kwa sababu ya umri. Nimestaafu kwa sababu nimechoka kuulizwa swali moja: "Mzee Faki, huyu ntu mwema?" Naulizwa sokoni, naulizwa mlango wa msikiti natafuta kiatu cha pili, naulizwa na watu waliokwishanunua na kula wakamaliza. Jibu ninalo moja tu, na halijaniletea rafiki hata siku moja. Sijui. Nani kakwambia?

Hiyo "nani kakwambia" ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sasa ni yenu. Mlioajiriwa juzi mmeniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukiifanya. Haya. Nitaandika kama nilivyokuwa nikinadi: nitaruka hapa na pale, na mwenye haraka aende zake.

Mwanzo nilikuwa dalali. Nikinadi samaki, mbao, baskeli ya marehemu, chochote chenye mnunuzi. Halafu biashara ikahamia kwenye simu. Bhai Kishor, mwenye duka la vitambaa pale Chake Chake, akafungua soko la mtandaoni la bidhaa za Pemba: asali, pweza mkavu, mikoba ya ukili, viungo. Mnunuzi yuko Unguja au Dar, muuzaji yuko huku, wala hawaonani. Mzigo ukifika, mnunuzi anampa muuzaji nyota, kuanzia moja mpaka tano, na mnunuzi wa kesho anazitazama nyota hizo ndipo atoe pesa yake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Tibirinzi. Ndani mlikuwa na Zuwena, msichana aliyeuandika mfumo wenyewe, na mimi, niliyewekwa kutazama kama nyota zile ni za kweli. Bhai Kishor alisema amenichagua kwa sababu nimeshadanganywa na kila aina ya watu. Nikamwambia na yeye yumo. Akacheka sana, kisha akaupunguza mshahara palepale.

Nyota ni neno la mtu, basi. Usiione inang'aa ukadhani imeshuka mbinguni. Shehe wetu wa chuo cha Kurani, ukimletea habari, hakuuliza kwanza habari yenyewe. Aliuliza imetoka kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, na walikuwa watu wa namna gani. Kwa hiyo Zuwena aliponieleza kwamba mfumo wake unampa kila mtoa nyota uzito wake, wa mkweli mkubwa na wa mropokaji mdogo, nikamwambia, "Mwanangu, haya tuliyasoma tukiwa watoto, tena kwa bakora."

"Basi babu," akasema, "mimi nayafanya bila ya bakora."

Tulikuwa na mashemeji fulani wauza viungo. Kila mmoja anampa mwenzake tano, wanasifiana kama maharusi. Zuwena aliuona mzunguko wao kwenye kioo, mistari imefungana kama wavu. Mimi niliujua kwa njia ya kizee: nilikwenda kuuliza kwenye gari na bandarini, nikakuta viungo vyao havijawahi kusafiri. Wananunuliana sebuleni. Yuko na mwengine, tuliyemfuta kwa kuuza pweza aliyeoza, akarudi kwa jina la mkewe. Picha ya bidhaa ilikuwa mpya, lakini mkono ulioshika pweza ulikuwa uleule, una kovu la panga. Mtu akibadilisha jina, tazameni mikono yake.

Lakini wezi hawachoshi. Mwizi ana njia zake, utazizoea. Wanaochosha ni watu wema.

Mpemba hampi mtu nyota moja. Mnalijua hilo, mmelelewa humu. Bibi mmoja alipelekewa pweza amejaa mchanga, akatoa nyota tano na chini yake akaandika, "Mungu akuzidishie." Nikampigia simu.

"Bibi, pweza alikuwaje?"

"Mchanga mtupu, mwanangu. Nimetafuna ufukwe mzima."

"Mbona tano?"

"Sasa we unataka n'muaibishe ntu mbele ya dunia kwa sababu ya mchanga?"

"Utanunua tena kwake?"

"Audhubillahi!"

Nikayaandika yote mawili, tano na audhubillahi, sikujua niyaweke wapi. Mfumo ulikuwa na nafasi ya nyota tu.

Basi ndivyo tulivyokuwa siku hoteli moja ya Unguja ilipoleta habari kwamba inataka asali ya Pemba, msimu mzima, kwa mkataba. Meneja wake alikuwa na sharti moja: hatazami muuzaji aliye chini ya nyota nne na nusu. Na asali, mtakuja kuona, ni bidhaa ya balaa. Samaki utamfunua shavu, kitambaa utakivuta, lakini asali? Watu watakwambia itone kwenye karatasi, chovya kijiti cha kibiriti, waite sisimizi. Nimeona asali ya sukari ikafaulu mitihani hiyo yote na sisimizi wakaisifu. Kinachouzwa mle chupani ni jina la aliyeijaza, kwa hiyo kwenye asali kosa letu moja lilikuwa linaua.

Tukipitia majina kwa ajili ya hoteli, mfumo ukamwekea alama nyekundu Bi Riziki wa kisiwa cha Fundo.

Sikuwa nikimjua ila kwa jina. Anauza asali ya mikoko, ya mizinga yake na ya wanawake wenziwe kule kisiwani wasiokuwa na simu kubwa. Nyota zake zilikuwa nne. Nne, nne, nne, kama meno ya kitana. Hakuna tano, hakuna tatu. Mfumo ulisema haya hayatokei kwa watu huru, na mimi niliuunga mkono. Mnadani, watu wote wakitaja bei moja bila ya mmoja wao kukohoa, jua wameshakaa kikao.

Bhai Kishor alipoambiwa hakupoteza muda. "Mfute kabla hoteli haijatazama. Mmoja mwongo kwenye orodha, wote waongo."

"Tumuulize kwanza," akasema Zuwena.

"Mwizi huulizwa?" nikasema mimi.

"Na asiyekuwa mwizi, babu?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na asiyekuwa na jibu ndiye hutumwa. Nikapanda gari ya Wete, na Wete nikapanda boti kwenda Fundo, magoti yananilaumu njia nzima. Nilikwenda nikiwa na hakika. Hakika ni mzigo mbaya kusafiri nao, wanangu. Huna mahali pa kuutua ukifika.

Nikamkuta uani kwake anachuja asali kwa kitambaa. Mwanamke wa makamo, mikono imefika viwikoni kwenye ndoo.

"Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Faki, wa soko la simuni."

"Aa, nyiye. Karibu ukae. Hapo usikae, pana nyuki."

Nilikuwa nimeshakaa. Kweli palikuwa na nyuki.

Tulipomaliza kuulizana hali, na kuutoa mwiba, nikamwendea moja kwa moja kama ninavyomwendea mtu aliyeficha bei. "Bi Riziki, wateja wako wote wanakupa nne. Kuna mtu anawaambia?"

Nilingoja akane. Mwenye lake hukana, kisha huapa, kisha huleta chai.

"Nawaambia mie," akasema, mikono yake haikusita. "Kila ninayempelekea n'nampigia. Asali ikikupendeza, n'nakuomba nipe nne."

"Ikimpendeza, kwa nini si tano?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini hali mkaa. "Tano? Nikae pale juu nimejaa nyota pomoni, kila mwenye jicho lake anitumbulie? Mize hapa jirani yangu alisifiwa mizinga yake mbele ya watu, tena bila ya hata mashallah. Nyuki wakahama wote, msimu mzima mizinga mitupu."

"Nyuki huhama, Bi Riziki."

"Huhama. Mbona walingoja asifiwe?"

Katika udalali nimebishana na watu wengi, lakini hoja ile sikuipatia bei. Nikamweleza nilichojia: kwamba nne zile zimelingana mno, kwamba Tibirinzi wanadhani amepanga na wateja, kwamba wanataka kumfuta.

Hapo ndipo mikono iliposimama.

"Kunifuta kwa lipi?"

"Kwa kupanga."

"Tumepanga, ndiyo. Tumepanga kujisitiri." Akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Mzee Faki, n'kitolewa pale hapana atakayesema ni mashine. Watasema Riziki asali yake ya sukari. Weye utarudi Chake utalala. Mie n'takwenda arusini, n'takwenda matangani, na kila nikiingia watu watanyamaza. Na si jina langu peke yangu. Asali ya Mize, asali ya mwenzetu Time, zote zinasafiri kwa jina hili moja."

Nikafanya kazi niliyozaliwa nayo. Nikanadi, nikabembeleza, nikapandisha na kushusha. Nikamwambia awaombe wateja wabadilishe wampe tano, wiki hii tu, mpaka ipite hoteli ya Unguja inayotaka asali.

"Na jicho nalo likae wiki nzima likingoja?"

"Basi nusu yao wakupe tano, nusu wabaki na nne. Utapata nne na nusu, kikomo cha hoteli."

"Sasa yupi nimwambie anihusudu, na yupi asinihusudu?"

Akanionjesha asali kwenye kijiko kabla sijaondoka. Ilikuwa tamu. Asali ya sukari nayo ni tamu. Nikashuka pwani sina ushahidi wowote isipokuwa uso wa mwanamke aliyeacha kuchuja, na uso si hesabu, nilishaingizwa hasara na nyuso nzuri kuliko ule.

Nilipomsimulia Zuwena alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya meza. Kisha akaacha kucheka.

"Mama yangu," akasema, "nilipozaliwa aliniita kibaya, jicho lisinipate, mpaka nikaanza skuli. Kila mgeni akija: mtazame kibaya wangu huyu. Nami nimekaa hapa nimeandika mfumo kana kwamba watu husema wanachokiona."

"Husema," nikamwambia. "Ila si kwa mdomo."

"Basi tuache kuuliza wamesema nini. Tutazame wamefanya nini."

Haikuwa rahisi kama inavyosomeka. Kwanza alijaribu kumsoma kila mtoa nyota kwa tabia yake. Anayewapa wote tano, tano yake ikawa nyepesi kama salamu. Mgumu wa mkono, nne yake ikapanda. Nyota kongwe akazipunguza nguvu, maana mtu hubadilika, na ndoo nazo hubadilika. Nami nikamwambia hesabu siiamini mpaka niione kwenye karatasi, akanichapia, nikazipitia mara mbili kwa kalamu. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimepitia mara mbili.

Kisha akatoa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote: nani aliyerudi kununua. Wateja wa Bi Riziki walirudi. Akikamua, wanarudi. Kuna wengine walimwandikia kabla ya msimu. Wakati huohuo, muuzaji aliyekuwa juu ya orodha yetu ya asali, kijana mmoja wa mjini ambaye jina lake nalisitiri, alikuwa na tano tupu, na dua chungu nzima. "Mungu akubariki." "Allah akufungulie." Waliomwombea wote, hakurudi hata mmoja.

Nikamkumbuka yule bibi aliyetafuna ufukwe. Wote walikuwa wameshatwambia, sisi ndio hatukuwa na masikio ya upande ule.

Zuwena akaugeuza mfumo, kurudi kukabeba uzito mkubwa na nyota zikawa kachumbari tu. Sasa ikabaki kumwambia Bhai Kishor, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilimkuta dukani anapima doti ya khanga.

"Hoteli imeomba nyota," akasema, bila ya kuinua macho. "Mimi nimpelekee nini? Hadithi ya jicho?"

"Bhai, duka lako hili lina nyota ngapi?"

"Duka gani lina nyota?"

"Mbona limejaa?"

"Hawa? Huyu mama yake alinunua kwa baba yangu. Yule pale kila Idi yuko hapa. Hawa wote wana..." Akaacha kupima. Akanitazama juu ya miwani, si kwa mapenzi. "Haya. Lakini wakilalamika, nambari nitakayowapa ni yako."

"Nipe basi na ule mshahara uliopunguza."

"Faki, ondoka dukani."

Akamwandikia meneja wa hoteli mwenyewe, na kwa kuwa ni mfanyabiashara, aliandika maneno machache: hawa ndio ambao watu hurudi kwao. Meneja naye alikuwa mfanyabiashara. Akakubali, akaifungua orodha mpya. Wa kwanza juu kabisa, Bi Riziki wa Fundo. Akampa mkataba.

Nilifurahi, kwa kadiri ya umri wangu. Nikaegemea kiti. Simu ikalia.

"Mzee Faki! Nani kanipandisha pale juu?"

"Hongera, Bi Riziki. Ni hesabu tu."

"Mwambie huyo hesabu aniteremshe."

"Hoteli imekuchagua wewe."

"N'meona, alhamdulillahi. Asali n'tapeleka. Sasa niteremshe. Mize kaniletea simu ya mwanawe mbio mbio, anasema, dada, jina lako liko juu ya watu wote. Nusu kisiwa wameshaliona. Jana usiku mbuzi wangu kakohoa."

"Mbuzi hukohoa."

"Mzee Faki, usin'anze."

"Unataka uwe wa ngapi?"

"Wa tatu hivi. Baina ya watu."

Wanangu, hapa sikilizeni, maana na nyinyi mtaletewa. Kumshusha mtu anayeomba kushushwa kunaonekana ni hisani. Hakuna atakayelalamika. Lakini nikimwandika Bi Riziki wa tatu kwa kumridhisha, kesho atakuja mwengine na kisahani cha halua anataka awe wa kwanza, na mimi nitakuwa nimeshakula uongo mmoja. Nikamwambia hivyo, kwa upole nilioweza.

"Siwezi, Bi Riziki. Orodha haiandikwi kwa kuombana."

Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia siku ile uani, "Basi nifute."

"Nimeumiza magoti mpaka Fundo usifutwe!"

"Kufutwa na nyiye ni aibu. Kujitoa mwenyewe si aibu."

"Na asali ya Mize? Na ya Time? Na hoteli?"

Nikasikia nyuki, au labda ni simu. Nilijua atafanya. Watu wa namna ile hawatishii, wanaarifu. Na mimi sikuwa na bei nyingine ya kutaja. Nimenadi maisha yangu yote sijapata kukutana na mtu anayetaka kununua nafasi ya chini.

Zuwena alikuwa anasikiliza, maana nazungumza na simu kama nazungumza na Unguja bila ya simu. Akageuza kiti.

"Babu, baina ya wa kwanza na wa tatu, tofauti ni wateja wawili watatu. Mmoja akiugua asinunue, wanabadilishana. Sisi hatujui hasa nani bora miongoni mwao. Tunajua wote wema. Kwa nini tunajifanya tunajua zaidi?"

"Kwa hiyo?"

"Wauzaji waliopita kikomo chetu wasiwe na wa kwanza. Kila mtu akifungua, orodha ijichanganye upya. Huyu atamkuta Bi Riziki juu, mwenziwe atamkuta chini. Hata wauzaji wapya watapata kuonekana."

Nilitafuta uongo ndani ya wazo lile, kama nitafutavyo tundu kwenye gunia. Nikalizungusha mara moja, nikalizungusha tena. Haukuwamo. Ulikuwa ukweli wenyewe, umepunguzwa majivuno.

Nikamweleza Bi Riziki, polepole. Akataka nirudie, nikarudia.

"Yaani leo n'ko juu, kesho n'ko chini?"

"Hata leo hii. Mimi nikifungua uko juu, Mize akifungua uko chini."

"Na nyiye wenyewe hamjui n'tatokea wapi?"

"Hata sisi."

Nyuma yake niliwasikia wanawake wakivuta ndoo, na mmoja akamwuliza wamesemaje.

"Hapo sawa," akasema. "Mwenye jicho lake naye apate tabu kunitafuta."

Akakata simu bila ya kuaga. Boti ya mzigo wa hoteli ilikuwa inamngoja.